Nimeagizwa tutafute mazuri tu, na wenzangu wanaumia

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni afisa utumishi katika taasisi ya huduma yenye wafanyakazi wapatao 140. Tuna vitengo vinne: dawati la huduma, masijala, uhakiki na malipo. Nakuandikia kwa sababu nimebanwa pande mbili na sioni pa kutokea.

Mkurugenzi wetu alikwenda kwenye mafunzo ya uongozi akarudi na ari kubwa. Anasema tumechambua makosa miaka nenda miaka rudi na hali ni ileile, kwa hiyo sasa tufuate mkabala wa nguvu: tutafute kinachofanya kazi vizuri, tukikuze. Nimeusoma mkabala huo na kwa kweli naupenda. Nimechoshwa na vikao ambavyo kila kitengo kinakuja na orodha ya makosa ya kitengo kingine. Ameniagiza niandae kikao cha siku mbili cha wafanyakazi wote, kisha kila mmoja ajaze dodoso la vipaji mtandaoni ili apangiwe kazi inayomfaa.

Shida ilianza alipotangaza kwamba neno "tatizo" lisisikike tena vikaoni. Wiki hiyohiyo karani mmoja wa masijala alisimama akasema majalada ya wateja yanapotea. Akaambiwa akae mpaka atakapokuwa na jambo la kujenga. Akakaa. Tangu siku hiyo masijala nzima haifungui mdomo.

Kuna mambo mengine mawili yanayoninyima usingizi. Mwaka jana tulipunguza wafanyakazi. Waliobaki wanabeba mizigo ya walioondoka, na hakuna aliyewaambia kama upunguzaji umekwisha au bado. Halafu mkuu wa kitengo cha uhakiki anawadhalilisha walio chini yake, tena mbele ya wateja. Watu watatu wamenijia kwa nyakati tofauti, kila mmoja akiniomba nisimtaje. Mmoja alilia. Sijafanya lolote kwa sababu niliahidi kunyamaza, na pia kwa sababu mkuu huyo anapendwa na mkurugenzi. Takwimu za kitengo chake zinavutia.

Sasa nikisimama mbele ya watu haohao na kuwaambia watueleze siku yao bora kazini, nitaonekana nimeungana na wanaowafunga midomo. Nikikataa, mkurugenzi atasema nampinga, na ataleta mwezeshaji wa nje asiyejua lolote juu yetu. Mwenzangu wa malipo anasema haya ni mambo ya kupita, nitekeleze agizo maisha yaendelee. Mwingine ananishawishi nitumie kikao hicho kumwaga kila kitu hadharani.

Je, mkabala huu unafaa mahali penye majeraha? Na kama unafaa, nianzie wapi bila kuwasaliti walioniamini?

Ni mimi,
Niliyebanwa Katikati

*

Ndugu yangu Uliyebanwa,

Asante kwa kuniamini na jambo zito namna hii. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninachokiona ni mambo matatu yaliyosokotana hadi yanaonekana kitu kimoja. Kuna mkabala unaoupenda na ungetaka uufanye vizuri. Kuna agizo linalowazuia watu kusema kinachowauma. Na kuna siri za watu watatu ulizozibeba peke yako. Nadhani sehemu ya uchovu wako inatokana na kutafuta jibu moja la yote matatu, ilhali kila moja lina mlango wake.

Tuanze na mkabala wenyewe. Barua yako inazungumza kana kwamba kutafuta nguvu na kukataza malalamiko ni jambo lilelile. Waanzilishi hawakuanzia hapo. David Cooperrider, akiwa mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kule Cleveland, Marekani, aliwahoji madaktari na viongozi wa hospitali kubwa ya mji huo kuhusu mafanikio yao na pia kushindwa kwao. Masimulizi ya mafanikio ndiyo yaliyomvuta, kwa sababu ndani yake kulikuwa na maarifa ambayo hakuna aliyekuwa ameyaandika mahali. Mwaka 1987 yeye na msimamizi wake, Suresh Srivastva, wakachapisha makala iliyoutambulisha mkabala huo, unaoitwa kwa Kiingereza Appreciative Inquiry. Hoja yao ni kwamba taasisi huelekea kule inakouliza maswali. Ukiuliza kila wiki nani kakosea, utakuwa bingwa wa kujua nani kakosea. Hoja hiyo haimkalishi chini karani anayesema majalada yanapotea.

Na kufuata hatua za mkabala peke yake hakutoshi. Watafiti Gervase Bushe na mwenzake Aniq Kassam walipitia mifano 20 iliyochapishwa ya mahali ulikotumika, na mwaka 2005 wakaeleza kwamba ni 7 tu kati ya hiyo iliyoleta mageuzi ya kweli. Kilichoitofautisha hiyo 7 na mingine ni kwamba watu walitoka na wazo jipya ambalo hawakuwa nalo mwanzo, kisha wakaachwa wajaribu wazo hilo wenyewe bila kusubiri mpango wa kushushwa kutoka juu. Ukizungumza na mkurugenzi, hoja hii itakufaa kuliko kumwambia kwamba amekosea.

Huyo mkurugenzi naye, hebu mtazame tena kidogo. Umemweleza kama mtu anayefunga midomo, na kwa karani yule alifanya hivyo hasa. Lakini anaogopa nini? Huenda anahofia kikao kigeuke mahakama. Huenda ana taarifa za bajeti asizoruhusiwa kuzitaja. Mimi sijui, na kwa jinsi ulivyoandika, wewe pia hujamuuliza. Swali la faragha kama "ungependa miezi sita baada ya kikao tuone nini kimebadilika?" linaweza kukupa jibu usilolitarajia.

Sasa mkuu wa kitengo cha uhakiki. Hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko popote pengine. Udhalilishaji kazini una utaratibu wake: kanuni za utumishi, malalamiko rasmi, uchunguzi, haki ya kusikilizwa kwa pande zote mbili. Haupelekwi kwenye kikao cha kutafuta nguvu. Fikiria hatari iliyopo: katika mahojiano ya wawiliwawili yanayofanywa kwenye kikao cha namna hii, aliyedhalilishwa anaweza kujikuta ameketi na aliyemdhalilisha, akitakiwa asimulie fahari yake kazini. Yule anayekushawishi umwage kila kitu hadharani naye anasahau kwamba wanaofichuliwa kwanza huwa ni walalamikaji, kabla hata ya mtuhumiwa.

Uliahidi kunyamaza. Ahadi hiyo ilitoka moyoni, ila kwa cheo chako huenda ilizidi uwezo wako, kwa kuwa taasisi nyingi humtaka afisa utumishi achukue hatua anapopata taarifa za namna hiyo. Pitia kanuni zenu kwanza. Kisha rudi kwa kila mmoja peke yake, umweleze njia zilizopo na kila njia inamfikisha wapi, umuulize anaruhusu nini. Mmoja anaweza kukubali kuandika. Mwingine anaweza kuruhusu useme tu kwamba kuna malalamiko kadhaa yanayofanana. Asiyetaka lolote, mweleze ukweli kuhusu mipaka ya siri yako. Weka kumbukumbu zenye tarehe mahali pasipofikiwa na wengine. Ningependa hili lianze kusogea kabla ya tarehe ya kikao chochote kutangazwa.

Upunguzaji wa mwaka jana una mtego wake, na wawezeshaji wengi huuruka. Mtu anayehofia kibarua chake akiulizwa anamalizaje kazi haraka, atasikia: "Tuonyeshe jinsi ya kufanya kazi bila wewe." Atakupa hadithi tamu isiyo na kitu ndani, na ana haki. Kwa hiyo mkurugenzi anahitaji kutamka mbele ya watu moja kati ya mambo mawili: kwamba matokeo ya zoezi hili hayatatumika kupunguza mtu, au kwamba bado hajui na atawaambia siku fulani. Hilo la pili ni chungu, lakini watu hulivumilia kuliko kimya.

Kuhusu dodoso la vipaji, kifupi. Madodoso haya humsaidia mtu kujitambua na kupata maneno ya kuzungumza na wenzake. Lile la wanasaikolojia Christopher Peterson na Martin Seligman, kwa mfano, lina nguvu 24 za tabia. Ila kumhamisha mtu kitengo kwa majibu aliyobofya mtandaoni ni kulitwisha dodoso mzigo usio wake, na jalada lililopotea halitarudi kwa kujua kwamba karani ana kipaji cha ubunifu. Likitumika, liwe la hiari, na majibu yabaki mikononi mwa mwenyewe.

Tufike kwenye kazi yenyewe, maana naamini hapa ndipo una nafasi kubwa.

Kila kitu huanza na mada. "Ubora wa huduma" ni mada iliyokufa, kila mtu atakubali na hakuna atakayesimulia lolote. "Kupunguza upotevu wa majalada" huleta visingizio. Wawezeshaji hupenda mfano wa shirika la ndege la British Airways kule Marekani ya Kaskazini: wafanyakazi walianza na kero ya mizigo kuchelewa, wakasukumwa waseme wanachokitaka hasa, wakafika kwenye mapokezi ya kipekee kwa abiria anapowasili. Kero haikufutwa, ilikuwa ndani ya mada. Kwenu inaweza kuwa "jalada linalopatikana mteja akiwa bado amesimama dirishani". Ona kwamba yule karani aliyekalishwa ndiye aliyeileta.

Mahojiano yawe ya wawiliwawili kutoka vitengo tofauti, wasiopishana sana kwa cheo, dakika 40 hadi 45 kwa kila anayehojiwa. Maswali manne yanatosha. Nisimulie siku ambayo jalada gumu lilipatikana kwa wakati: nani alifanya nini? Wewe mwenyewe ulichangia nini? Ni kitu gani mahali pale kiliwezesha hilo: kifaa, muda, ruhusa, mtu? Ungepewa mambo matatu ili iwe hivyo kila siku, ungeomba yapi? Anayehoji aandike maneno ya mwenzake kama yalivyosemwa. Akifupisha, utapata "tulishirikiana", na hapo umepoteza kila kitu.

Baadaye jozi tatu au nne zikae pamoja, kila mtu asimulie hadithi ya mwenzake, kisha watafute kilichowezesha. Hapa ndipo vikao vingi hufia. Bango kitita linajaa maneno kama kujituma, upendo, mawasiliano, watu wanapiga makofi, wanaondoka. Usikubali. "Mawasiliano" ni nani kumwambia nani, kwa njia gani, saa ngapi? Endelea kuuliza hadi lipatikane jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulifanya kesho asubuhi. Pengine utakuta kuna karani ambaye kila anapotoa jalada rafuni anaacha karatasi mahali pake yenye jina la aliyelichukua na tarehe, na wenzake hawajawahi kumuuliza kwa nini yake hayapotei.

Ukimpata mtu wa namna hiyo, hakikisha jambo moja: je, anafanya hivyo katika mazingira yaleyale ya wenzake? Jerry na Monique Sternin wa shirika la misaada kwa watoto la Save the Children, walipofika Vietnam mwaka 1990 kushughulikia utapiamlo, waliwasaidia wanavijiji kutafuta familia maskini kama nyingine zote lakini zenye watoto wenye afya. Wakakuta mama hao wanaongeza kwenye chakula uduvi na kaa wadogo wa mashamba ya mpunga pamoja na majani ya viazi vitamu, vitu ambavyo kila jirani angeweza kuviokota. Wangechukua mfano wa familia tajiri, somo lisingemfaa yeyote. Kwenu vilevile, kama karani huyo ana kompyuta ambayo wengine hawana, ulichokigundua ni hitaji la kompyuta.

Yakishapatikana mambo mawili au matatu, yasizidi hapo, kila moja lipewe mwenyewe mmoja, muda wa majaribio wa wiki sita, na kipimo. Anza kuhesabu wiki tatu hivi kabla ya kujaribu: majalada mangapi hayakupatikana kwa wiki, na dakika ngapi zilitumika kutafuta yaliyopatikana. Bila hesabu ya kabla, mabishano hayataisha. Kila baada ya wiki mbili wakutane nusu saa. Na muda huo utolewe ndani ya saa za kazi. Wafanyakazi waliokwishabeba kazi za wenzao wakiongezewa na hii, wataichukia.

Malalamiko yakizuka katikati ya kikao, na yatazuka, usiyakate. Jaribu: "Nakusikia. Ungetaka kiwepo nini badala yake? Umewahi kukiona, hata mara moja?" Mara nyingi ndani ya lalamiko kuna kitu mtu anachokithamini ambacho amenyang'anywa. Lakini akisema hajawahi kukiona, mwamini, usimlazimishe atafute jema. Liandike kwenye bango la pembeni, lenye jina la atakayejibu na tarehe ya jibu, na tarehe hiyo iheshimiwe.

Njia zako, basi, ninaziona hivi. Kikao cha watu 140 kina nguvu yake: wote wanasikia jambo moja siku moja, na masijala wanakutana ana kwa ana na dawati la huduma. Lakini ni jozi 70 na meza zisizopungua 18, huduma zikisimama siku mbili, na kama wiki zinazofuata zitapita kimya, imani itashuka chini ya ilipokuwa. Kuanza na watu 20 hadi 24 wa masijala na dawati la huduma, nusu siku ya mahojiano na nusu siku nyingine wiki inayofuata, ni rahisi kulinda na kupima. Hatari yake ni kubaki kisiwa, na mkurugenzi kupoteza hamu kabla matokeo hayajaonekana. Kuomba kuahirisha hadi malalamiko ya uhakiki yashughulikiwe kunawalinda walioumizwa, ingawa kunaweza kukutaka ueleze sababu ambazo bado huna ruhusa ya kuzieleza. Kukataa kabisa kunakuacha na dhamiri nyepesi na kuwaacha wenzako na mgeni asiyejua majeraha yao, kama ulivyokwisha kuona mwenyewe. Na kutekeleza agizo lilivyo ili maisha yaendelee, sidhani kama wewe uliyeandika barua hii ungeweza, lakini ni wewe unayejua uzito wa mkate wako na wanaokutegemea.

Kwa njia yoyote utakayoichagua, mkurugenzi utahitaji kumwona, na ningekushauri uende na ombi fupi: neno "tatizo" lirudishiwe uhuru wake, wafanyakazi wapewe saa za kazi kwa majaribio, naye ashiriki kama kila mtu, ahoji na ahojiwe, asikae meza kuu. Jibu lake kwa ombi la pili litakuonyesha mengi kuhusu uzito anaoupa jambo hili.

Kabla ya hapo, ongea na yule karani wa masijala, faraghani. Mwambie ulisikia alichosema na kwamba kina maana kwako. Muulize kama angependa mada itokane na maneno yake, na kama angependa ajulikane au asijulikane kwamba ndiye aliyeanza. Akikataa, heshimu. Akikubali, mwombe akusaidie kutunga yale maswali manne. Anaijua masijala kuliko mimi na wewe.

Wako,
Mshauri